Sultani Kaelekezwa Kusini, Nunu Kaskazini

Mambo yaliharibika Jumapili, tarehe kumi na nne Machi 1971, baada ya sala ya adhuhuri. Kabla ya hapo Mzee Vuai alikuwa mgane kama wagane wengine. Anakwenda kiwandani, anafagia chuma kilichonyolewa na mashine za wenzake, anarudi, anajipikia wali ulioungua chini na kubaki mbichi juu, anaula hivyo hivyo, analala. Baada ya Jumapili ile hakupata tena usingizi wa maana, na kila mwenye cheo, kuanzia mwenyekiti wa msikiti mpaka waziri wa London asiyemjua hata kwa jina, alikuwa adui yake.

Msikiti wenyewe ulikuwa nyumba moja katika safu ya nyumba zilizoungana, Stechford, Birmingham, hatua chache kutoka stesheni ya treni. Chumba cha mbele na cha nyuma vilivunjwa ukuta vikawa kimoja, na mikeka ikatandikwa mshazari, kuelekea pembe ya dirisha, maana Waingereza walipojenga nyumba zao hawakumuuliza mtu Makka iko wapi. Mistari ile ya mshazari Wazanzibari wa jumuiya hii waliikuta. Waliichora Wapakistani waliokuwa na nyumba kabla yao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza pembe ile inatazama upande gani wa dunia. Pembe ni pembe. Mtu anaingia, anavua viatu, anaielekea, anasali, anarudi kwake. Jua lenyewe la kumwonyesha mtu mashariki na magharibi liko wapi Birmingham?

Siku hiyo hawakuitwa kwa sala tu. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Idarous, alikuwa amerudi kutoka Uturuki, na alirudi na picha. Idarous alikuwa mtu wa kusoma. Alikuwa akichora michoro ya barabara ile kubwa mpya inayopita Great Barr, na huko Great Barr ndiko alikokaa, kwenye nyumba yenye bustani mbele na bustani nyuma. Alitaka jumuiya ijenge msikiti wa kweli, wenye kuba, na akataka kwanza watu waone msikiti wa kweli ukoje. Akaazima projekta, akafunga mapazia, akatundika shuka nyeupe ukutani. Bibi Mwanamize, aliyekuwa akipika kila kitu kilichopikwa katika nyumba ile, akaleta chai na kaimati.

"Shuka yangu hiyo," alisema Mwanamize. "Msiimwagie chai mkaniambia Mturuki kaimwaga."

Watu wakacheka. Vuai hakucheka. Alikaa nyuma karibu na mlango, koti halijavuliwa, kama mtu anayengoja kuitwa mahakamani. Kamati na mapicha yake, aliwaza. Choo cha nje kimeziba tangu Krismasi ya makafiri, na hawa wanatazama makuba.

Picha ya kwanza ikatokea. Jengo la marumaru nyeupe, limekaa juu ya kilima, na nyuma yake mlima wenye theluji.

"Huu," alisema Idarous, na sauti yake ikawa ya raha, "ni Msikiti wa Kijani, mji wa Bursa. Hawa Othmani mnaowasikia, kabla hawajauteka Istanbul, walikuwa wafalme wadogo tu, na Bursa ndiyo iliyokuwa kwao. Msikiti huu una miaka mia tano na hamsini hivi. Aliyeujenga ni Sultani Mehmed wa kwanza. Baba yake alishindwa vitani na Timur, akatekwa, akafia kifungoni. Watoto wakabaki wakigombania kiti, ndugu kwa ndugu, miaka kumi. Mehmed akawashinda wote. Aliposhinda, akajenga."

"Wakishauana hujenga misikiti," alisema Vuai kwa nyuma. "Hata kwetu."

"Mzee Vuai, ngoja kwanza."

Idarous akabonyeza, picha ikabadilika. Ulikuwa mchoro wa msikiti unavyoonekana ukiondolewa paa. Akasimama na fimbo kuuelezea. Unaingia mlangoni, unapita ukumbi mdogo, unatokea kwenye ukumbi wenye kuba, na katikati ya ukumbi, humo humo ndani ya msikiti, kuna birika la maji linatiririka. Mbele yako unapanda ngazi chache, unafika penye kuba la pili, na hapo ndipo pa kusalia, na mihrabu yake ndefu kama mlango wa jumba. Kulia na kushoto ya ukumbi wa birika kuna vyumba.

"Vyumba vya nini?" aliuliza Mwanamize.

"Vya wageni, bibi. Misikiti ya mwanzo ya Othmani ilijengwa hivyo. Msafiri akifika, analala msikitini. Chumba kina meko yake ya kuota moto, kina vishubaka ukutani vya kuwekea vitu vyake. Baadaye walipokuwa dola kubwa waliacha kujenga hivi, wakataka ukumbi mmoja mkubwa, kuba moja kubwa. Lakini mwanzo, msikiti ulikuwa na mahali pa mgeni."

"Na sisi hapa mnatufungia mlango, hata mtu hajamaliza kuvaa soksi," alisema Vuai.

Hapo watu walicheka kweli, maana ilikuwa kweli. Idarous naye alitabasamu, akaendelea. Akaonyesha kuta zilizovikwa vigae vya kijani kibichi na buluu, vya pembe sita, akasema mafundi wengine walitoka Tabriz. Akaonyesha sehemu ya mbele ya msikiti, akawaonyesha mahali ambapo matao ya baraza yalianza kujengwa yakakatika. Sultani alikufa kabla baraza halijajengwa, na mpaka leo halijajengwa. Akasema wakati wa zama za babu zao tetemeko la ardhi liliuvunjavunja msikiti, na fundi Mfaransa akaja kuutengeneza. Akasema jambo jingine pia, na hilo Vuai alilishika kama mtu anavyoshika sarafu iliyoanguka: kwamba sultani huyo alipokufa, mawaziri wake walikificha kifo siku arobaini, mpaka mwanawe alipofika kukalia kiti, ili watu wasifanye fujo.

"Wakamficha maiti?" Mwanamize alishangaa.

"Wakamficha."

Picha iliyofuata ilikuwa ya rangi ya kijani kuliko zote. Idarous aliibonyeza haraka, ikapita, ikaja nyingine ya duka la hariri.

"Aa, rudisha!" alisema Mwanamize. "Ile ya kijani nzuri. Rudisha, yakhe."

"Ile ni turba tu. Kaburi."

"Basi rudisha tulione kaburi. Kwani sisi hatufi?"

Idarous akasita. Akarudisha. Ilikuwa turba ya sultani mwenyewe, kaburi limevikwa vigae, limeinuka juu kama kitanda cha bwana arusi, na maandishi ya dhahabu yamelizunguka. Watu wakaguna kwa uzuri wake. Vuai akasogea mbele kidogo. Tangu Novemba hakuweza kuona kaburi asilitazame.

"Kichwa chake kiko wapi?" aliuliza.

"Nani?"

"Sultani. Huku au huku?"

Idarous akaonyesha kwa fimbo. "Kichwa huku. Magharibi."

Vuai akacheka, kwa mara ya kwanza mchana ule. "Umeipachika kinyume picha yako, mwanangu! Kichwa magharibi, alale kwa ubavu wa kulia, atatazama kusini. Mfalme mzima wa Waislamu mmemtazamisha kusini! Igeuze, igeuze."

Wengine wakacheka naye. Wote walikuwa watu wa Unguja na Pemba, na mtu wa Unguja hahitaji kufundishwa kibla. Anazaliwa anakijua. Kibla ni kaskazini. Misikiti yote ya kwao inatazama kaskazini, wachinjaji wanamlaza mbuzi akatazama kaskazini, maiti kichwa mashariki, miguu magharibi, uso kaskazini.

Ila Idarous hakuigeuza picha. Alisimama na fimbo yake kama mtu aliyesahau njia ya kwao.

"Picha iko sawa, Mzee Vuai," alisema polepole. "Bursa iko juu ya Makka. Makka iko kusini yao. Ukiwa kaskazini ya Makka unatazama kusini."

"Na hapa?" Vuai aliuliza. Hakuuliza kwa ujanja. Aliuliza kwa kuwa lilikuwa swali linalofuata.

Vuai akaigeukia ile pembe ya dirisha, ile mikeka ya mshazari, akaitazama kama ndiyo kwanza anaiona.

"Hapa pia," alisema Idarous. "Kusini-mashariki."

Kikombe cha Vuai kikamwagika kwenye mkeka, na Mwanamize akapiga magoti kuifuta chai.

Sasa lazima isemwe ilivyokuwa Novemba, maana bila hiyo mtu atadhani mzee aliingiwa na wazimu.

Nunu, mkewe Vuai, alikufa hospitali kwa maradhi ya kifua. Watoto hawakujaaliwa. Walikuwa wawili tu duniani, wakabebana kutoka Unguja baada ya Mapinduzi, wakapita Mombasa, wakafika nchi hii ya moshi na ukungu, na mmoja akabaki. Mwanamize na wenzake walimwosha, wakamkafini, wakamlaza ubavu wa kulia ndani ya sanduku, kwa sababu manispaa haikubali maiti bila sanduku. Wakamsalia pale Stechford, kwenye ile pembe, na pale alisaliwa sawasawa. Kisha wakaenda makaburini.

Mvua ilikuwa ikinyesha. Maalim Foum, imamu wao, alikuwa Cardiff kumzika mtu mwingine, kwa hiyo Idarous ndiye aliyesimamia. Makaburi yote pale yalikuwa yamechimbwa yakalala mashariki kwa magharibi, vile vile kama ya kwao, na hilo liliwapa moyo: Mwenyezi Mungu hajatutupa, hata makaburi ya Wazungu yamekaa sawa. Mchimba kaburi, Mwingereza mzee mwenye kiko mdomoni, akaanza kuliteremsha sanduku kama alivyozoea kuyateremsha yote, kichwa upande wa magharibi.

Ndipo sauti ikapigwa: "Si hivyo! Mgeuzeni! Kichwa kimekaa kinyume!"

Idarous akamuuliza yule mchimba, kaskazini iko wapi. Mchimba akaonyesha kwa kiko chake. Idarous akatazama, akasema, "Kweli. Mgeuzeni." Mchimba akainua mabega. Sanduku likapandishwa, wanaume wanne wakazungukazunguka kwenye tope, nusura mmoja aingie shimoni, likateremshwa tena, kichwa mashariki, na uso wa Nunu ukatazama kaskazini, kule alikoonyesha mchimba, kwenye mabomba ya moshi ya viwanda na barabara ya Erdington.

Yule mchimba asiye na dini alikuwa keshamweka Nunu kwa namna iliyokaribia haki. Waislamu ndio waliomgeuza wakampa kibla kisogo.

Mchana ule ule wa Machi Vuai alimfuata Idarous jikoni, ambako alikuwa akikunja waya za projekta. Mwanamize alikuwepo, akiosha vikombe.

"Ulijua lini?" Vuai aliuliza.

"Mzee Vuai, keti."

"Sikuja kukaa. Ile picha uliikimbiza. Ulijua lini?"

Idarous akaweka waya chini. "Kule kule Bursa. Nilipiga picha, nikasimama kusoma fatiha, na mlinzi wa pale akanigusa bega akanionyesha kichwa cha sultani kiko wapi. Hapo ndipo nilipomkumbuka Bi Nunu."

"Lini hiyo?"

"Januari."

"Januari." Vuai akalirudia neno lile kama analipima uzito. "Januari ardhi ilikuwa barafu. Januari alikuwa bado vile vile alivyozikwa. Umekuja hapa, umekula kaimati, umesali nasi, umeniuliza habari ya baridi yabisi ya magoti yangu, na unajua mke wangu kalala kinyume. Ukanyamaza."

"Nilitaka kwanza nimuulize Maalim. Nilitaka nisikutie uchungu juu ya uchungu. Aliyelala usimwamshe, mzee wangu."

"Hakulala, kalazwa! Na kalazwa vibaya, na wewe! Wewe na mawaziri wa yule sultani ni mamoja. Mnaficha maiti mpaka mambo yenu yawakalie sawa. Wao walikuwa na kiti cha ufalme, wewe una nini? Kuba?"

Mwanamize akageuka kutoka kwenye sinki, mikono inachuruzika maji. "Na aliyepiga kelele 'mgeuzeni' siku ile alikuwa nani, Vuai? Mie sikuwepo makaburini, lakini nimeambiwa. Ilikuwa sauti yako."

"Mie nilikuwa mfiwa!" Vuai alipiga meza, vikombe vikaruka. "Mfiwa hashiki dira! Mfiwa analia, anapiga kelele, anasema atakalo. Kazi ya kamati ni nini basi? Si kusimama pale wakati mfiwa kapotewa na akili? Mwenyekiti ndiye aliyesema 'kweli'. Mie nilisema, yeye akasema kweli."

Mwanamize akarudi kwenye sinki.

Jumatatu hakwenda kazini. Alimwendea Maalim Foum nyumbani kwake. Maalim alikuwa mzee mwembamba, mtu wa Pemba, asiyependa kutoa fatwa kama asivyopenda kutoa meno. Akamsikiliza mpaka mwisho, akafunga macho.

"Hata mie ningekuwepo," alisema, "ningewaambia kaskazini. Mungu atusamehe sote."

"Sikuja kukusamehe wala kukulaumu, Maalim. Nimekuja kuuliza. Afukuliwe?"

"Katika madhehebu yetu, aliyezikwa bila kuelekezwa kibla, kaburi lake hufunguliwa akaelekezwa. Ni wajibu."

"Alhamdulillahi."

"Ngoja. Ni wajibu maadamu maiti hajabadilika, hajaanza kuoza. Akishabadilika, kumfukua ni kumvunjia heshima. Hapo inakuwa haramu. Aachwe, na Mola wake anamjua."

"Basi hatufungui sanduku. Tunaligeuza tu. Kichwa kinakwenda kwenye miguu, tunafukia."

"Kufukua ni kufukua, Vuai. Sanduku lile ni mbao nyepesi, lina miezi minne ndani ya maji. Likipasuka mikononi mwenu?"

"Kabadilika au hajabadilika, Maalim? Sema moja."

"Mie nitajuaje? Nchi hii baridi. Kwetu ningekwambia bila kufikiri. Hapa sijui."

Kwa hiyo Vuai akatoka na wajibu mkono mmoja na haramu mkono mwingine. Akafanya lile aliloweza kufanya mtu aliyesoma chuoni mpaka juzuu ya ishirini na skuli mpaka darasa la tatu: akamtafuta mwenye kujua Kiingereza cha kuandika. Kamati hakuitaka. Akamwendea Nyokabi, msichana wa Kikuyu, nesi, aliyemuuguza Nunu wodini na aliyekuwa akimletea Nunu uji kwa siri wakati chakula cha hospitali kilipomshinda. Nyokabi alikuwa akikaa Erdington, chumba kimoja juu ya duka la viatu, pale barabara kuu.

Akamkaribisha, akampa chai ya maziwa, akasikiliza.

"Pole sana, Mzee," alisema. "Lakini niulize tu, usikasirike. Kwani Mungu hawezi kumwona akiangalia huku Erdington?"

"Mungu anamwona. Mungu anamwona hata chini ya bahari. Si Mungu asiyemwona, mwanangu. Ni yeye." Akaiweka chai chini. "Nunu miaka yote tangu baleghe alikuwa akielekea huko mara tano kwa siku. Mgonjwa, yuko wodini, hawezi kunyanyuka, unakumbuka? Alikuwa akigeuza kitanda."

"Nakumbuka. Sister alikuwa anamgombeza. Alikuwa anasukuma kitanda na mguu."

"Sasa hawezi kusukuma. Na mtu wa kumsukumia ni mimi."

Nyokabi akachukua kalamu. "Sawa. Lakini hawa watu hawataki story ndefu, Mzee. Hii ni mambo ya procedure. Niachie mimi."

Akaiandikia manispaa. Mgomo wa posta ulikuwa ndio kwanza umekwisha, na barua za nchi nzima zilikuwa zimerundikana kama takataka. Aprili ikapita bila jibu. Mei ikaingia. Maua yakachanua, majani yakaota juu ya kaburi la Nunu, na Vuai alikuwa akenda kila Jumapili kuketi ubavuni pake, upande wa kusini, nyuma ya mgongo wake, maana hakuweza kuketi mbele ya uso wake. Pale alikuwa akimsimulia: kamati imefanya hivi, kamati imesema hivi, serikali ya huku haina tofauti na serikali ya kule, wakubwa ni wakubwa, wote wanakula kwa mkono mmoja. Joto lilipozidi hayo yote aliyaacha, akawa anayawaza maneno ya Maalim juu ya baridi ya nchi hii. Kila siku ya jua Wazungu walikuwa wakishangilia na kuvua mashati, na yeye alikuwa akiitazama ile ardhi ikipata moto, anasaga meno.

Kamati nayo haikukaa bure. Ilikaa mikutano. Idarous alichora msikiti mpya, na katika mchoro wake aliweka vyumba viwili vya wageni, kulia na kushoto, na meko ndani yake, kama Bursa. Akampelekea Vuai nyumbani kwake aone.

"Nimeviweka kwa ajili ya neno lako," alisema Idarous mlangoni. "Siku ile, ulilosema juu ya mlango kufungwa."

Vuai akautazama mchoro. Ulikuwa mzuri, hakuna asiyeuona uzuri wake.

"Na mihrabu umeielekeza wapi?"

"Kusini-mashariki, mzee wangu."

"Ehe. Sasa umejua." Akamrudishia. "Nenda kamwonyeshe Nunu."

Idarous akaukunja mchoro, mvua ndogo inaanza. Halafu akasema, "Nitakwenda na wewe kwa Wazungu. Popote watakapokuita. Nitasema mbele yao kwamba kosa langu."

"Useme kwamba la kamati."

"Nitasema langu."

Mwishoni mwa Juni jibu likaja. Nyokabi alimsomea. Halikuwa ndiyo wala siyo. Lilisema aende kwa msimamizi wa makaburi, pamoja na kiongozi wake wa dini. Wakaenda siku moja ya Julai, yenye jua kali kuliko Vuai alivyowahi kuliona Birmingham: Vuai mwenyewe, Maalim Foum na kanzu yake iliyopigwa pasi, Idarous na suti, na Nyokabi aliyetoka zamu ya usiku bila kulala, wa kutafsiri.

Msimamizi hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimuudhi Vuai zaidi. Alitaka mtu mbaya. Msimamizi alikuwa baba wa makamo, amefungua kola kwa joto, aliwapa viti na maji. Idarous akasimama akasema kosa lilikuwa lake. Msimamizi akasikiliza, akasema anasikitika sana.

"Anasema," Nyokabi alitafsiri, "kaburi halifunguliwi bila kibali cha waziri, London. Na London watatoa kibali kama wakipata neno la kiongozi wa dini, aandike kwamba dini inalazimisha afukuliwe. Akishaandika hilo, anasema haitachukua muda mrefu."

Vuai akamgeukia Maalim Foum. "Si umesema wajibu? Andika, Maalim. Kalamu hii hapa."

Maalim akaitazama kalamu, hakuigusa. "Nilisema wajibu kama hajabadilika. Niandike kwamba dini inalazimisha, na kumbe keshabadilika, nitakuwa nimeandika uongo juu ya dini na nimehalalisha haramu. Mie mtu wa kufa, Vuai. Waambie wafungue kwanza waangalie. Akiwa hajabadilika, ninaandika hapo hapo, juu ya goti langu."

Nyokabi akatafsiri. Msimamizi akasikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Anasema hawezi kufungua aangalie. Kufungua ni kufungua. Kibali kwanza."

"Kibali kinataka neno la Maalim," alisema Vuai.

"Ndiyo."

"Na Maalim anataka lifunguliwe."

"Ndiyo, Mzee."

"Wewe nesi. Wewe umeona maiti wengi. Kabadilika?"

Nyokabi akainamisha uso. "Nilimuuliza daktari wetu. Akasema inategemea udongo, maji, sanduku. Akasema bila kuona, hakuna mtu anaweza kusema."

Maalim Foum akaanza kuhesabu tasbihi kwa vidole. Nje ya dirisha makaburi yalikuwa yamelala safu kwa safu, yote vichwa magharibi, isipokuwa moja. Vuai akasimama katikati ya chumba kile cha watu wenye vyeo, kofia mkononi, jasho linamtoka, akawatazama mmoja baada ya mwingine, Mzungu na Mwislamu, na safari hii hakupiga kelele.

"Mlipomgeuza," alisema, "haikuhitajika karatasi ya mtu. Ilitosha mmoja kusema na mmoja kuitikia. Sasa mnangojana. Yule anangoja huyu, huyu anangoja wale, na jua ndilo hilo linapiga. Haya, niambieni. Nani anaanza?"